Mpangaji wa Arobaini na Moja

Siku ile ilianza kama siku nyingine yoyote. Dada Swichi alifika ofisini saa mbili asubuhi, akatundika mkoba wake, akamtania mfagiaji kwamba sakafu inang'aa mpaka inamwonyesha mvi, kisha akawasha kompyuta.

Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya kazi yake: kuwasha hiki, kuzima kile. Kampuni yao ilikuwa na mfumo mmoja wa kompyuta uliotumiwa na biashara arobaini, na biashara hizo waliziita wapangaji. Kweli ilikuwa kama nyumba ya kupanga. Paa moja, vyumba arobaini, kila mpangaji na mipangilio yake. Ila palikuwa na ukurasa mmoja wa juu walioubatiza swichi kuu. Ukigusa pale, umegusa vyumba vyote.

Miezi mitatu nyuma, mpangaji mmoja mwenye maduka ya viatu alilalamika kwamba tahadhari za mfumo zinamlilia kwenye simu kutwa kucha. Kuingia kwenye chumba chake na kuzizima kungechukua dakika kumi. Lakini ilikuwa Ijumaa jioni, na Dada Swichi alikuwa anawahi harusi ya mdogo wake. Akazizima kwenye swichi kuu, akajiambia atarekebisha Jumatatu, akaenda zake kucheza ngoma.

Jumapili, kwenye kampuni moja ya vyumba vya baridi, nayo mpangaji wao, mlango ulijifunga nyuma ya mwanamke aliyekuwa akipanga maboksi. Walimwita Mama Pacha, mwenye nywele za kufika kiunoni. Ukutani kulikuwa na kitufe cha kumpelekea mlinzi ujumbe. Alikibonyeza. Mfumo ulihesabu: mara mia mbili na sita. Mlinzi alikuwa hatua thelathini tu kutoka pale, anakunywa chai, simu yake kimya kama kaburi. Jumatatu walimkuta mama wa watu amekufa kwa baridi.

Uchunguzi ulipoanza, Dada Swichi aliwahi. Kumbukumbu za mfumo huandika nani kabadilisha nini. Akafuta jina lake, akaweka la Babu Taratibu, mzee wa watu aliyemfundisha kazi ile tangu hajui hata kushika kipanya. Mzee alifukuzwa mchana kweupe mbele ya watu. Hakubisha. Alipopita mezani kwa mwanafunzi wake aliinama tu, akamnong'oneza.

"Mwanangu, mimi wamenitoa. Lakini yule anayebonyeza hajaacha kubonyeza."

Dada Swichi alicheka kwa pua. Wazee na mafumbo yao.

Basi asubuhi hiyo alifungua orodha ya wapangaji, akakuta wamekuwa arobaini na mmoja. Wa mwisho hakuwa na jina.

"Nani kafungua mpangaji mpya?" alimuuliza mwenzake wa meza ya pili.

Mwenzake alichungulia kioo chake. "Mpya yupi, dada? Mbona mimi nawaona arobaini?"

Akaingia kwenye chumba cha yule mgeni. Mipangilio ilikuwa mitatu.

Joto la chumba: nyuzi ishirini chini ya sifuri.

Mlango: hufunguliwa kwa nje.

Tahadhari: zimezimwa.

Chini yake, orodha ya watumiaji. Mtumiaji mmoja. Lilikuwa jina lake yeye, kamili, pamoja na lile la utotoni ambalo hata mumewe halijui.

Akamfuta mpangaji. Orodha ikarudi arobaini. Akashusha pumzi, na pumzi yake ikatoka kama mvuke wa birika. Nje, jua lilikuwa linalainisha lami.

Saa sita mgeni alikuwa amerudi. Safari hii alikuja na ujumbe: kitufe kimebonyezwa. Akafuta. Ukaja mwingine. Akafuta. Vidole vilianza kufa ganzi, kucha zikageuka rangi ya zambarau. Saa nane aliomba ruhusa, akasema ana homa, akaenda nyumbani.

Mama mkwe alikuwa sebuleni anachambua mchele.

"Mbona unatetemeka hivyo, mwanangu?"

"Baridi tu, mama. Naenda kuchukua sweta."

Aliacha simu mezani. Akaingia chumbani. Akafungua kabati la nguo, akapenyeza mkono kati ya magauni. Mkono haukugusa ubao wa nyuma. Akausogeza zaidi. Ukagusa mkono.

Mkono ukamshika, ukamvutia ndani.

Mlango ukafungwa.

Alipiga kelele. Alizisikia mwenyewe, zikimrudia usoni. Alipiga ngumi. Alipiga teke. Aliita mama. Aliita mume. Kisha akaita jina la Mama Pacha, akaungama yote, swichi na jina la mzee. Kwenye giza, kando ya sikio lake, mtu alikuwa anahesabu taratibu. Alikuwa amefika sitini na nne.

Sebuleni, mama mkwe hakusikia lolote. Aliona tu simu ya mkwewe inawaka, inazima, inawaka, bila kulia. Akaigeuza kifudifudi isimwumize macho, akaendelea na mchele.

Mumewe alirudi saa kumi na moja. Kabati lile halikuwa na kitasa wala komeo. Mlango wake ulikuwa ubao wa kusukuma tu. Alimkuta ndani, magoti kidevuni, nyusi nyeupe, ngozi ya vifundo vya vidole imekwisha.

Alikuwa hai. Lakini alipofumbua kinywa, sauti haikutoka, na haijatoka hadi leo. Kesho yake mkurugenzi alizifungua kumbukumbu za mfumo, akakuta mahali pa jina la mzee pana jina la Dada Swichi. Babu Taratibu aliombwa radhi na kurudishiwa kazi. Alikubali radhi. Kazi aliikataa.

Siku ya tatu hospitalini, mama mkwe akimlisha uji, kijiko kiligonga kitu kigumu chini ya ulimi wa mgonjwa. Akakitoa kwa kidole. Donge la barafu, dogo kama punje ya haragwe.

Wakaliweka kwenye kisahani, kwenye dirisha linalopigwa na jua. Sasa ni mwaka na nusu. Halijayeyuka. Ndani yake umejikunja unywele mmoja, mrefu sana. Na kila mama mkwe anapofuta vumbi, anaapa kwamba umekuwa mrefu zaidi.