Tundu la Tatu

Tundu la kwanza lilipita mwisho wake.

Fundi wa bunduki, ambaye majirani walimwita Polepole kwa sababu hakuna alichokikata bila kukipima mara tatu, alikuwa amefunga utepe mwekundu kwenye ncha ya keekee yake ya umeme ili asizidishe kina cha tundu. Kazi yenyewe ndogo: kufunga reli fupi ya chuma, ya kushikia tochi, chini ya mbao ya bunduki ya askari wa wanyamapori. Skrubu tatu tu. Mtutu alishautoa, mbao kaibana kwenye meno ya jiliwa. Ilikuwa mbao ya siku hizi, matabaka membamba ya miti tofauti, jeusi juu ya kahawia, yaliyoshikanishwa kwa gundi.

Utepe ukagusa mbao. Akaacha kusukuma. Keekee ikaendelea kuzama taratibu, kama kuna mtu anaivuta kutoka upande wa pili.

Akaichomoa. Unene wa mbao ulikuwa vidole viwili. Ncha iliyozama ilikuwa na urefu wa kiganja kizima. Akageuza mbao. Chini hapakuwa na hata mkwaruzo. Unga uliotoka ulikuwa na unyevu, na ulinuka pumzi ya mtu aliyelala mdomo wazi.

"Macho yangu haya," akajiambia, akatoboa la pili. Nalo likazama vilevile, kisha likashusha pumzi.

Akatoka kwenda kunawa uso. Aliporudi alimkuta mkewe, mshona nguo, ambaye kwa kuchukia vumbi hakuwa na kawaida ya kukanyaga karakana, ameinama na kulaza sikio juu ya mbao.

"Mke wangu, unafanya nini?"

"Shh. Anaongea."

"Nani?"

"Wamemkata vipande vipande, mume wangu. Wamemgandisha na miti asiyoijua." Alinong'ona bila kupepesa macho. "Anauliza mbona umeishia mawili."

Polepole alicheka, kicheko kisichovuka meno, akamshika mkono akamwingiza ndani. Lakini siku ile na ya pili yake mwanamke hakula wala hakushona; alikaa mbele ya cherehani, mchana kweupe, miguu ikikanyaga bila uzi wala kitambaa, na sauti zikamtoka zimepangana, moja nzito chini, nyingine juu yake, na nyingine nyembamba juu ya hiyo, zote zikisema pamoja, "Bado moja, bado moja," mpaka fundi akaziba masikio na bado akazisikia kwenye meno yake mwenyewe.

Siku ya tatu akamwita shangazi yake, mwosha maiti, mwanamke asiyeogopa kitu duniani isipokuwa ngazi. Shangazi alinusa matundu, akakunja uso.

"Nimeosha wengi, mwanangu. Huyu hajafa. Na wewe na upolepole wako wote, siku ile ndiyo uliona utoboe la pili kwa haraka?"

"Shangazi, si wakati wa utani."

"Jini limenasa. Umelifungulia mlango nusu, sasa linajipenyeza kwa mkeo. Toboa la tatu."

"Shangazi!"

"Toboa! Lakini nje, na mbele ya tundu asisimame mtu."

Walibeba jiliwa hadi uani, jua la utosi, wakamkalisha mwanamke kwenye mkeka, na Polepole akashika keekee kwa mikono miwili, akaisikia ikivutwa, ikavutwa tena, mpaka mkono wake ukakaribia kugusa mbao, na ndipo kitu kikampita kifuani, kirefu, cha moto, kikiendelea kupita na kupita kama kamba isiyoisha, kuku wakanyamaza, nguo kwenye kamba zikasimama wima pasipo upepo, kisha zikaanguka.

"Nina njaa," mkewe akasema. Sauti moja tu, yake.

Fundi alilia bila aibu. Shangazi alikuwa ananawa hadi viwikoni.

"Limeondoka?"

"Limetoka kwenye ubao. Kuondoka, sijui."

Wiki ikapita salama. Mwanamke akashona, akaimba, akamsema mumewe kwa kuacha viatu mlangoni. Skrubu tatu zikauma vizuri, reli ikakaa imenyooka kama uzi. Polepole akairudishia bunduki mtutu wake, akaifungia kabatini.

Asubuhi moja askari mwenye bunduki akamfuata uani. Polepole akamtolea bunduki kabatini, naye akaitikisa reli, isicheze.

"Kazi safi, fundi! Na wenzangu wanne wanataka hivyohivyo. Mbao zetu zote tano zilitoka gogo moja. Nimekuletea mbao tupu, vyuma vimebaki kambini."

Polepole akauliza haraka, "Ziko wapi?"

"Nimempa shemeji pale mbele. Mkarimu kweli! Hata hodi sijabisha, nimemkuta kasimama mlangoni, kanyoosha mikono."

Ndani ya karakana, keekee ikaanza kunguruma.