Aliyebaki Ngazija

Magharibi ile mvua ilipungua kidogo, na Cansilde akaona bora aende kuchukua gauni lake kabla fundi wake Mama Kaltumu hajafunga cherehani. Alitoka kazini, kwenye ofisi ndogo ya kutoa mizigo karibu na mpaka wa Goma, akapandisha kwa miguu kuelekea mtaa wa Majengo huku akiruka madimbwi. Ilikuwa wiki ya pili ya mvua. Ziwa halikuonekana. Milima haikuonekana. Gisenyi nzima ilikuwa imegeuka rangi ya maji yaliyofuliwa nguo.

Pamoja na hayo, mabega yake yalikuwa yanaungua.

Yalianza siku tisa nyuma. Kwanza joto, kisha mwasho, kisha ngozi ikaanza kubambuka vipande vyembamba kama ganda la kitunguu. Muuza dawa alimwangalia, akamuuliza kama alishinda shambani juani. Cansilde akacheka. Jua lipi? Watu walikuwa wanatembea na makoti. Lakini usiku, akijilaza, ilimbidi alale kifudifudi, na asubuhi akiamka alikuta midomo ina chumvi.

Gauni lenyewe lilikuwa la njano, la mabega wazi, la kuvaa ufukweni. Safari ilipangiwa Julai. Yeye na rafiki yake Nadra, kisiwa cha Ngazija, siku kumi.

Nadra alikuwa zaidi ya rafiki. Walikua pamoja Goma, mlango kwa mlango, na ule mwaka mlima Nyiragongo ulipopasuka na lava ikashuka mpaka mjini, walivuka mpaka wakikimbia, watoto wa miaka tisa, wameshikana mikono mpaka vidole vikafa ganzi. Hawakurudi tena. Tangu hapo Cansilde aliujua mlima wa moto kama kitu kinachokula nyumba yenu, halafu kila usiku kinawaka chekundu kule juu kana kwamba hakikufanya lolote. Ndipo siku moja akaona kwenye simu picha za Ngazija. Kisiwa kizima kimezaliwa na volkano. Mchanga mweusi, bahari ya buluu, na jua... jua tupu. Watu wanaogelea chini ya mlima ule ule unaoweza kuwaunguza, wanacheka.

"Tuende kule," alimwambia Nadra. "Nataka kuona volkano ambayo haijawahi kunifukuza."

Wakanunua daftari la shule. Miaka miwili waliandika ndani yake. Nyumba ya wageni iliyo chini ya mlima Kartala, hatua chache kutoka majini. Nani atalala kitanda cha dirishani. Hicho Cansilde alikichagua kiwe chake. Samaki gani watakula siku ya kwanza. Kila jioni kabla ya usingizi Cansilde alifumba macho akakitembea kisiwa kile, kutoka mlangoni mpaka kwenye maji, mpaka akawa anakijua kama njia ya kwenda kazini.

Mama Kaltumu alikuwa peke yake dukani, taa imewashwa, mguu juu ya kanyagio. Alipomwona Cansilde mlangoni, cherehani ikanyamaza.

"Karibu, mutoto yangu. Kumbe mulirudi wote wawili."

"Kutoka wapi, Mama?"

"Kwa ile safari yenu. Nadra alipita hapa juzi, alinionyesha picha. Nikamwambia anitumie moja, juu ya ule mutindo ya kilemba yake."

Cansilde akatabasamu, akidhani ni mzaha. "Nadra alikuwa Kampala, Mama. Alienda kuchukua vitenge. Mi sijaenda popote."

Mama Kaltumu hakutabasamu. Alichukua simu yake, akatafuta polepole kwa kidole kimoja, akaigeuza.

Mchanga mweusi. Mawimbi. Nadra amesimama na kilemba chekundu, mkono wake umezunguka kiuno cha mwanamke mwingine.

Mwanamke yule alikuwa Cansilde.

Baka la kidevuni. Kovu la mkononi alilopata siku ile ya kukimbia. Gauni la njano, mabega wazi, na mabega yale yameungua mpaka ngozi inachanika. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyengoja jambo kwa miaka. Lakini macho yalikuwa yamefumbwa.

"Pengine alifumba tu wakati wa kupiga," Cansilde akasema. Sauti yake aliisikia kwa mbali.

"Alinionyesha picha saba," Mama Kaltumu akanong'ona. "Zote vile vile."

Kisha akainua macho kuelekea ukutani. Gauni la njano lilikuwa linaning'inia kwenye msumari. Pindo halijashonwa. Pini bado zimo.

"Mi sijamaliza hii," akasema. "Nikafikiri ulinunua ingine."

Akalitoa gauni msumarini kwa ncha za vidole, akalitia ndani ya mfuko, akausukuma mfuko juu ya meza bila kumgusa Cansilde mkono. "Enda nyumbani, mutoto yangu. Giza inaingia."

Hakwenda nyumbani. Alisimamisha pikipiki ya kwanza, akamwambia dereva amfikishe kwa Nadra, kule barabara ya Cyanzarwe inapoanza kuacha mji. Mvua ilirudi. Mara mbili dereva alisimama njiani kuwaita watu waliokuwa wanatembea, awachukue. Mara zote mbili Cansilde ilibidi amguse bega.

"Niko hapa," alimwambia.

"Pole, madam," dereva akasema, na akaonekana kuchanganyikiwa. "Nilisahau kama nimebeba mutu."

Nadra alifungua mlango kabla Cansilde hajabisha mara ya pili. Mumewe Habib alikuwa bado yuko msikitini. Harufu ilitoka ndani ikamkuta Cansilde kizingitini. Chumvi. Majani ya baharini yaliyooza. Na chini yake harufu aliyoijua tangu utoto, ile ya kiberiti inayokwama kooni... harufu ya mlima.

"Ingia," Nadra akasema. Hakumtazama usoni.

Walikaa. Bati lilikuwa linapigwa na mvua. Cansilde aliweka mfuko wa gauni magotini.

"Ulikuwa Kampala."

"Sikukuwa Kampala."

"Ni nani ule kwa picha?"

Nadra alikuwa na shuka kubwa mapajani, na mikono yote miwili chini ya shuka.

"Ni we," akasema.

Maneno yalitoka kidogo kidogo, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mimba nne zilimtoka Nadra. Cansilde alizijua zote nne. Ni yeye aliyempeleka hospitali, yeye aliyefua mashuka, yeye aliyelala chini sakafuni pembeni ya kitanda Habib alipokuwa safarini. Baada ya ya nne, mtu alimpeleka Nadra kwa mfumu, mganga mmoja kule Cyanzarwe.

"Alisema, ili mumoja aingie, mumoja abaki inje. Mbali. Ngambo ya maji ya chumvi, juu ya udongo iliyoungua. Akaniuliza, nani anakupenda mpaka ukimwita anakuja bila kuuliza." Nadra akavuta shuka juu. "Sikufikiri, Cansilde. Jina yako ilitoka yenyewe."

"Ulimpa nini?"

"Nywele, ile siku nilikusuka. Nguo yako ya kulala, ile ulisahau hapa. Na daftari."

"Daftari yetu?"

"Alifungua, akasoma, akacheka. Akasema huyu kazi yake ni nyepesi. Moyo yake ilishafika kule zamani. We utasindikiza tu ile iliyobakia."

Cansilde alishika ukingo wa kiti. Alizikumbuka zile jioni, macho yamefumbwa, kutoka mlangoni mpaka kwenye maji. Kumbe kila jioni alikuwa anahama.

"Nilienda Ngazija peke yangu," Nadra akaendelea. "Bon, usiku ya kwanza nilisikia mutu anapumua juu ya kitanda ya dirisha. Sikuwasha taa. Asubuhi ulikuwa umekaa pale. Umevaa hii gauni. Hukusema mingi. Ulitaka kwenda kwa maji. Ukafurahi sana, Cansilde... nakuapia, ulifurahi. Picha ni we uliomba. Ulisema tupige, tumeota siku nyingi."

"Na macho?"

"Hayakufunguka hata siku moja."

Mvua ikapiga. Cansilde alisikia jua la huko likimchoma mgongoni, hapo hapo ndani ya chumba chenye baridi.

"Halafu?"

"Siku ya mwisho nikakuambia kaa hapa inje, naenda kukutafutia maji ya kunywa." Sauti ikakatika. "Nikaenda kupanda ndege."

Cansilde aliukaza mkono kwenye mfuko wa gauni.

"Niende nimrudishe," Cansilde akasema mwishowe.

Nadra akatikisa kichwa haraka. "Hapana. Alikataza. Mukionana, mumoja ndiye atatoka pale, na hakuna mwenye kuchagua ni nani. Cansilde, nisikilize. Hukuumia. Bado uko hapa. Unakula, unatumika kazi yako, unaongea na mi. Kile kilibaki kule, sijue hata jina yake."

"Ingekuwa kitu ya bure, ule mfumu angeikubali kama malipo?"

Shuka lilikuwa limeteleza, na Cansilde akaona tumbo. Dogo bado, la miezi minne hivi, lakini la duara, limekaza. Alimngoja Nadra aombe msamaha. Alingoja kwa kweli, kwa moyo wake wote uliobaki, na alijua kwamba kama neno lile lingesemwa, yeye angelia, na pengine angemkumbatia. Aliinuka, akapiga hatua moja kumwelekea.

Nadra akarudi nyuma. Mikono yote miwili ikafunika tumbo.

Kana kwamba mtu wa kuogopwa mle ndani alikuwa Cansilde.

Akatoka bila kufunga mlango.

Siku zilizofuata alianza kuona yale ambayo pengine yalikuwepo tayari. Kazini waliandaa chai na kikombe chake hakikuwepo. Mpishi akaomba radhi, na kesho yake akasahau tena. Kanisani jirani aliweka mkoba juu ya kiti alichokalia yeye, ukaangukia mapajani pake, mwanamke yule akashtuka kama ameguswa gizani. Mama yake, kwa simu, alimuuliza mara mbili anaongea na nani. Cansilde hakuwa mgonjwa. Hakuwa na njaa wala hamu. Akifumba macho jioni, kisiwa hakikuja tena. Kulikuwa na weusi tu, na joto.

Jumapili ya pili, saa nne asubuhi, alikaa kitandani akapiga namba aliyokuwa akiijua kwa kichwa. Ile ya nyumba ya wageni chini ya Kartala. Ililia kwa muda mrefu. Akapokea mwanamume, Kiswahili chake cha pwani, cha taratibu.

"Naam, karibu."

"Nilitaka kuulizia chumba. Kwa mwezi wa saba."

"Hapana shaka, bibi. Jina nani?"

"Cansilde."

Nyuma ya mwanamume yule Cansilde alisikia kuku, na mbali zaidi, mawimbi.

"Jina hilo," mwanamume akasema polepole, "si la kawaida huku kwetu. Bibi Cansilde yuko hapa. Yupo nje, mchangani. Twamwambia aingie kivulini, hataki, asema mwenzake amekwenda kumletea maji. Wiki ya tatu sasa. Hali chakula, halali usingizi. Mke wangu hataki tena kutoka akimwona." Akashusha sauti. "Wewe ni nani wake?"

Cansilde aliishika simu kwa mikono miwili.

"Ngoja nimpe simu. Huenda akakusikia wewe."

"Hapana," Cansilde akasema, lakini nyayo zilikuwa zimeanza kwenda. Kokoto. Kisha mchanga. Mawimbi yakakaribia, yakajaa sikio lake lote. Simu ikabadilisha mkono.

Mtu alikuwa anapumua.

Alipumua kama yeye. Pale pale alipovuta pumzi, yule naye akavuta.

"Nadra?"

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, imekauka.

"Nadra, ni we? Hii jua ni kali sana... Nimekungoja. Ulisema unarudi sasa hivi."

Cansilde alifungua mdomo. Alitaka kusema yeye si Nadra. Alitaka kusema Nadra ametuuza, mi na we, kwa ajili ya mtoto ambaye pengine tungempenda wote. Lakini yule angeuliza: kama si Nadra, basi we ni nani? Na Cansilde hakuwa tena na uhakika wa jibu.

"Ndiyo," akanong'ona. "Ni mi. Kaa hapo. Ninakuja."

Upande wa pili pumzi ikatulia. Yule akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeondolewa mzigo.

"Nilijua," akasema. "Nilijua hauwezi kuniacha."

Simu ikakatika. Alipiga tena siku ile, na kesho yake, na keshokutwa yake. Haikupokelewa.

Mimba ya Nadra imefika mwezi wa saba, na wanaomwona sokoni wanasema amenawiri. Akikutana na Cansilde njiani, Nadra huvuka upande wa pili. Gauni la njano limeshonwa pindo. Cansilde alilimaliza kwa mkono wake mwenyewe, kwa sindano, usiku mmoja, na sanduku liko tayari pembeni ya mlango.

Tiketi ya Ngazija ni ya mtu mmoja. Kwenda na kurudi.