Mtego Usiobisha Hodi

Ilianza na sauti ndogo tu, ya ulimi kugonga kaakaa: tk-tk.

Mjaribu ndiye aliyeisikia kwanza. Kazi yake ilikuwa kucheza gemu la ofisi kutwa nzima na kufa. Ndiyo, kufa: kuchomwa mikuki inayochomoka ukutani, kubanwa na dari inayoshuka, kutumbukia shimoni, kufufuka, kufa tena, kisha kuandika ripoti ya namna alivyokufa. Alikuwa dada mnene, mcheshi, aliyependa kujisifu kwamba hakuna marehemu mwingine duniani anayedaiwa ripoti. Asubuhi hiyo alivua hedifoni, akaitazama kana kwamba imemtukana.

"Jamani, nani kaweka sauti chumba cha saba?"

Mtegaji akageuza kiti chake. Ndilo jina walilompa, kwa kuwa mitego yote ya handaki la gemu hilo, chumba cha kwanza hadi cha saba, ilitoka kichwani mwake. "Chumba cha saba hakina sauti. Ndiyo sifa yake."

"Basi leo kinayo, kaka. Nimekaribia ile sakafu ya uongo, nikasikia tk-tk, kama mtu ananiita. Nikasimama. Sijafa! Mara ya kwanza tangu niajiriwe."

Alisema akicheka, lakini hakuna aliyemfuata kwenye kicheko hicho. Ulimi ule waliujua wote.

Watengeneza gemu wana sheria moja ambayo mcheza gemu huwa haioni: mtego lazima uonye. Kabla ya jiwe kuporomoka, vumbi lidondoke kidogo. Kabla ya mikuki kutoka, ukuta uvute pumzi. Anayekufa ajue kwamba aliambiwa, ila hakusikia. Pale ofisini maonyo hayo yote yalikuwa kazi ya fundi sauti, waliyemwita Masikio, na Masikio hakuiamini mashine. Jiwe likikwaruza, ni yeye anatafuna biskuti kavu. Ukuta ukivuta pumzi, ni yeye anavuta hewa kati ya meno. Na alipotaka kumwita mtu aliyevaa hedifoni, alimsogelea nyuma ya sikio akagonga ulimi: tk-tk.

Masikio alikuwa kaburini mwezi wa pili sasa.

Jengo lile lilijengwa juu ya tangi la maji la zamani, kavu, lenye kina cha kutisha, lililopita chini ya sakafu yote ya ofisi. Mdomo wake ulikuwa stoo, umefunikwa kwa mbao. Masikio aliupenda mwangwi wake. Siku moja alisimama juu ya mbao hizo na kinasa sauti chake, ubao ukakatika. Watu walilia, na hakuna aliyelia kwa sauti kubwa kama Mtegaji, rafiki yake wa miaka kumi na mmoja.

Sasa sikiliza ambalo hakumwambia mtu. Siku moja kabla, Mtegaji aliukanyaga ubao ule ule, ukabonyea chini ya kiatu chake kama mkate uliolowa chai. Akaruka. Akakusudia kuwaambia wenzake. Lakini mchana huo wakagombana, yeye na Masikio, juu ya chumba cha saba. Mtegaji alitaka sakafu ya uongo isiyo na onyo lolote. Masikio akasema mbele ya watu wote, "Mtego usio na onyo si ufundi, ni roho mbaya tu," na ofisi nzima ikaangua kicheko. Mtegaji alirudi nyumbani na kicheko hicho moyoni, akalala nacho. Kesho yake akamwona Masikio anaelekea stoo huku anapiga mluzi. Hakumsukuma, la. Aliendelea kunywa chai yake. Na baada ya mazishi chumba cha saba kikabaki kimya kama alivyotaka, maana mbishi hakuwepo tena.

Walipekua faili zote za sauti siku hiyo. Tk-tk haikuwemo hata moja.

Kesho yake sauti ilihama kutoka kwenye kompyuta. Mtegaji alikuwa anashuka ngazi za nje, akasikia nyuma ya sikio lake, tk-tk, na ubaridi wa pumzi juu yake. Akaganda. Kipande cha ngazi aliyotaka kuikanyaga kikameguka chenyewe, kikaenda kupasuka chini uani. Hewa ikanuka mbao zilizooza na maji yaliyolala siku nyingi.

Siku ya tatu, tk-tk, akaruka kutoka kitini, na feni ya darini ikaja mzimamzima, panga zake zikachana mto wa kiti alipokuwa ameketi. Siku ya nne ikawa sinki la chooni: aliunyoosha mkono kufungua bomba, tk-tk, akaurudisha, na bomba likatema cheche za buluu. Ya tano, mlango wa chuma, uliojibamiza mbele ya vidole vyake. Mjaribu alikuwa akiyaandika haya yote, mazoea ya kazi, kisha akamvuta pembeni akiwa hana tena utani usoni.

"Kaka," akanong'ona, "ngazi, dari, maji, mlango. Hii si ramani yako? Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kwa mpangilio ule ule."

"Imetukia tu. Jengo bovu hili."

"Jengo bovu linajua mpangilio?"

Akaondoka haraka, kwa kuwa alichokuwa anakiogopa si mitego. Sauti ilikuwa imeanza kuongeza maneno. Kwenye mlango ilisema, tk-tk, *ubao*. Kwenye zamu ya chumba cha tano, rafu ya vyuma ilipoanguka na kumkosa kwa unywele, ilisema, tk-tk, *ubao, jana*, na safari hii hata bosi wao aliinua kichwa akauliza, "Nani anaongea?" Na siku moto ulipochomoka kwenye soketi kama ndimi za chumba cha sita, sauti ilisema kwa upole, jinsi Masikio alivyokuwa anaongea na watoto, tk-tk, *ubao, jana, uliujua*, na Mtegaji akapiga meza kwa ngumi akaimba kwa nguvu ili wenzake wasisikie, akaimba hadi sauti ikamkauka, na wenzake wakamtazama jinsi anavyotazamwa mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

Ndipo bosi akamleta mganga.

Walitarajia mzee wa tunguri. Akaja mama wa makamo mwenye miwani na mkoba, aliyevua viatu mlangoni, akainama, akaiwekea sakafu sikio. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akaomba abaki na Mtegaji peke yake.

"Humu mna wawili," akasema kwa sauti ya chini. "Mmoja ni jini la tangi. Limelala humo kabla ya jengo hili, na damu iliyomwagikia ndani imeliamsha. Hilo ndilo linalokutega, na limejifunzia kwako mwenyewe. Wa pili ni marehemu wenu. Huyo anakuonya. Sasa niambie, nimtoe yupi?"

"Wote."

"Jini hili halisomewi likatoka. Linatolewa na ukweli, usemwe kwa hiari mbele ya mwenye haki ya kuusikia. Ukisemwa kwa kubanwa, haulitoi." Akamtazama juu ya miwani. "Marehemu ni rahisi. Mkewe akimwambia anyamaze, atanyamaza."

Mtegaji akafikiri, na kufikiri kwenyewe kulikuwa kwa fundi anayejivunia kazi yake. Mitego aliitega yeye. Aliijua mmoja mmoja, kina chake na kasi yake. Ya nini kuonywa na mtu ambaye maneno yake yatamvua nguo mbele ya watu?

"Mtoe marehemu," akasema.

"Yule anayekuonya?"

"Ndiyo."

Mganga akavua miwani, akaifuta.

Jioni hiyo Mtegaji akaenda kwa mjane. Akamkuta anapiga pasi mashati ya marehemu, moja baada ya jingine, ingawa hayakuwa na mtu wa kuyavaa.

"Shemeji," akaanza, "ndugu yangu hajatulia. Anahangaika kule ofisini. Tunakuomba uje umwambie apumzike."

"Anasemaje?"

"Hasemi. Anagonga ulimi tu, unamjua."

Mjane akaiinua pasi, akaitua. "Hakuna neno lolote analosema, shemeji? Fikiri vizuri."

"Hakuna, shemeji. Wallahi."

"Haya. Kesho saa sita nitakuja."

Alikuja na shati moja mkononi. Walisimama katikati ya ofisi mchana kweupe, jua likiingia madirishani: bosi, mjaribu, mganga, Mtegaji na mjane. Harufu ya tangi ilikuwa nzito kiasi kwamba mjaribu alijiziba pua kwa kanga. Mganga akamwambia mjane aseme alilonalo.

"Mume wangu," mjane akasema, akiangalia sakafu, "kila alfajiri unakuja kukaa kitandani kwangu na kunipa neno moja. Ubao. Jana. Aliujua. Nikakuuliza, basi mbona unamwonya? Ukanijibu, ni rafiki yangu, mke wangu, nimpe nafasi aseme mwenyewe." Akainua macho, yakamwangukia Mtegaji, na hayakuwa na chozi hata moja. "Jana nimempa mara mbili. Ameapa. Sasa wema wako umetosha, na mimi sina wema kama wako. Mume wangu, usimwonye tena."

Kitu kama pumzi kilipita kati yao, kikatoka. Shati mkononi mwa mjane likapepea, kisha likatulia.

Kisha chini ya sakafu, mbali sana, kitu kizito kikageuka upande.

"Tokeni kwa kufuata ukuta," mganga akanong'ona. "Kimya kimya. Si wewe," akamwambia Mtegaji, "wewe lilipokutegea mimi sipajui."

Wakatoka wakiwa wameubana ukuta kwa migongo, na Mtegaji akabaki peke yake juu ya kigae kimoja katikati ya chumba, hatua sita kutoka mlangoni, vigae vyote vikiwa sawa, vikiwa safi, kila kimoja kikiwa kimya kama mwenzake, naye aliyekuwa akijua kina na kasi ya kila mtego aliousanifu akagundua kwamba huu mmoja, wa chumba cha saba, aliufanya kwa makusudi usijulikane hata na aliyeutega. Alijaribu kugonga ulimi wake mwenyewe, ajiite, ajionye. Mdomo ulikuwa mkavu, haukutoa kitu. Akasogeza kisigino, na chini yake kigae kikaitikia kwa mlio mdogo.

"Niliujua!" akapiga kelele. "Shemeji, ubao niliujua! Nilinyamaza kwa hasira tu! Nisamehe, niliujua!"

Mjaribu alikuwa analia mlangoni. Mjane akamsogeza kando taratibu, akasimama pale kizingitini, shati la mumewe limekunjwa vizuri kifuani.

"Najua, shemeji," akasema. "Sasa tembea."