Aliyepanda Bila Kamba

Jumatano, saa kumi na dakika arobaini na tatu jioni, binti mmoja ambaye kaka yake alizoea kumwita Rula alisimamisha gari kando ya machimbo ya zamani ya mawe, akatoa daftari, akaandika saa hiyo kabla hata hajafungua mlango.

Ndivyo alivyokuwa. Angeweza kusahau kula, lakini si kuandika.

Kikundi chao kilikuwa na wazamiaji wanane, wote watu wa mjini, na bahari ilikuwa mbali nao mwendo wa siku nzima. Kwa hiyo walitafuta maji ya karibu, ambayo mtu angeweza kuzamia Jumamosi asubuhi na jioni akawa kwake anafua nguo. Bwawa la maji ya mji walikatazwa. Mto ulikuwa tope tupu, mtu haoni hata kiganja chake. Yalibaki machimbo haya: shimo kubwa lililochimbwa miaka mingi kwa ajili ya mawe ya ujenzi, kisha likajaa maji, likaachwa. Kazi ya Rula ilikuwa kupima na kuandika. Kazi ya kaka yake ilikuwa kushuka.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuzamia popote isipokuwa kwenye bwawa la kuogelea la chuo, na hata huko alitoka meno yakigongana.

"Ungeumbwa wewe kwanza," kaka alimtania akishusha mtungi wa hewa, "ukapewa kazi ya kuumba wengine, watu wote tungekuwa na kimo kimoja."

"Na wewe tungekuwa bado tunakusubiri uvae."

Kaka alicheka. Kicheko chake kiligonga kuta za mawe, kikaenda, hakikurudi.

Maji yalikuwa ya kijani, yametulia kama kitu kilichobana pumzi. Hapakuwa na chura. Hapakuwa na hata mbu. Palinuka chuma kilicholowa, na chini ya harufu hiyo palinuka mshumaa uliotoka kuzimwa sasa hivi.

Rula alishusha sahani nyeupe kwa uzi kuona inapotelea wapi machoni. Mita saba. Akaandika. Kisha akashusha kamba ya kuzamia, iliyofungwa kipande cha chuma, mpaka ikalegea. Mita ishirini na mbili.

Sasa, wazamiaji huzungumza kwa kamba. Mvuto mmoja kutoka juu ni swali: uko salama? Mvuto mmoja kutoka chini ni jibu: niko salama. Mitatu ni: nipandishe. Na aliye juu akivutwa, lazima arudishe mvuto uleule, ili wa chini ajue amesikiwa. Rula alikuwa ameifanya kazi hiyo mara nyingi mno, hata mkono wake ulikuwa ukijibu kabla ya akili.

Kamba ikavutwa. Mara moja.

Mkono wake ukajibu. Mara moja.

Nyuma yake akasikia kaka yake akitema mate kwenye kioo cha miwani, kama wafanyavyo wazamiaji ili kisipate ukungu.

Kaka alikuwa nchi kavu.

Rula aliitazama kamba. Ilikuwa imelegea, haina habari. Labda chuma kiliteleza kwenye jiwe. Labda samaki... Alifungua kinywa aseme. Lakini mwezi uliopita alikuwa amesitisha uzamiaji wa watu wazima sita kwa sababu ya mlio ambao mwishowe ulikuwa wa chupa tupu, na walimcheka wiki nzima. Akafunga kinywa. Kwenye daftari aliandika kina tu.

Mvuto hakuuandika.

"Haya, mwandishi wa mahakama," kaka alisema, akimwonyesha kipimo cha mtungi. "Mia mbili. Umejaa pomoni. Una dakika arobaini za kuniombea."

Alijifunga kamba kiunoni, akazama saa kumi na moja na dakika kumi na mbili. Mapovu yake yalipanda, yakapasuka, yakapanda.

Kila dakika tano Rula aliuliza kwa kamba. Kila mara alijibiwa. Moyo ulianza kumtulia.

"Mko wangapi?"

Alishtuka nusura aangukie majini. Aliyeuliza alikuwa mama wa makamo aliyevaa koti refu la mvua na kushika tochi isiyowaka. Alijitambulisha kuwa mlinzi wa machimbo.

"Shikamoo. Wawili tu, mama. Kaka yangu yuko chini."

"Marahaba. Kamba ilivutwa kabla hajaingia?"

Mlinzi alimtazama mkono, si uso.

"Na wewe ukajibu."

"Ni mazoea tu... Mkono ulijibu wenyewe."

"Basi umemwambia kuna mtu juu anayemsikia." Mlinzi alikaa juu ya jiwe, taratibu, kama mtu anayekaa msibani. Akasema kwa sauti ya chini. Siku maji yalipopasua ukuta, chini walikuwepo wachimbaji kumi na mmoja. Walianza kupandishwa kwa kamba, mmoja mmoja. Aliyekuwa akivuta alihesabu mpaka kumi na mmoja, akaacha. "Hesabu ilitimia. Lakini kamba bado ilikuwa inavutwa. Mitatu, mitatu. Siku tatu nzima. Yule mvutaji alikuja kutuambia akiwa anakufa."

"Aliyekuwa akivuta ni nani?"

"Mtu wa hesabu, kama wewe. Na wa kumi na moja, aliyepanda peke yake ng'ambo kule, bila kamba, alikuwa baba yangu."

Upepo ulipita. Maji hayakutikisika.

"Tuliishi na yule miaka sita," alisema. "Hakutupiga. Hakulewa. Ila hakuwahi kututania hata siku moja, na baba yangu alikuwa mtani wa kijiji kizima. Wengine walisema mwenye machimbo aliweka dawa humu ili mawe yasiishe, akaahidi kulipa kwa watu. Wengine walisema ni pepo wa maji tu. Mimi sijui, mwanangu. Najua aliyelala chumbani kwa mama yangu hakuwa mumewe."

"Mbona hamjaweka hata kibao?"

"Tuliweka vitatu. Watu wanavifanya kuni."

Saa ya Rula ilionyesha dakika ya thelathini na nane.

Kamba ikavutwa. Mara tatu.

Alisimama, akaanza kuvuta. Mita moja. Mbili. Ilikuwa nzito, uzito wa mtu, na katika uzito huo alimhisi kaka yake kama unavyomjua mtu kwa nyayo zake ukumbini. Mita tano. Sita...

"Rula."

Sauti ilitoka ng'ambo.

Kaka yake alikuwa amesimama kwenye ukingo wa pili. Maji yalimchuruzika. Mtungi mgongoni, miwani mkononi. Kiunoni hapakuwa na kamba.

"Niliifungua," alisema. "Ilinasa."

Kamba ikavutwa mikononi mwa Rula. Mara tatu. Haraka.

"Usimtazame huyo," mlinzi alinong'ona. "Wewe vuta. Vuta!"

Lakini Rula alikuwa mtu wa kuamini anachokiona. Alichokiona kilikuwa kaka yake, kovu lake la kidevuni, mabega yake yaliyopinda upande. Alihesabu. Aliyeshuka, mmoja. Aliyepanda, mmoja. Mikono yake ikafa ganzi. Ganzi ikapanda kwenye viwiko, ikaingia kifuani, ikatulia humo kama mgeni aliyefika.

Kaka alizunguka shimo bila haraka, miguu peku juu ya kokoto kali. Hakuchechemea. Alifika, akamshika vidole, akavifungua kimoja kimoja, kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao.

"Achia. Twende nyumbani."

Akaachia.

Kamba iliteleza juu ya mawe, ncha yake ikaingia majini bila sauti. Mlinzi alijifunika uso kwa koti.

Wakati wa kupakia vifaa garini, Rula aligeuza kipimo cha mtungi ili aandike hewa iliyobaki. Alikisoma. Akakipangusa kwa kidole gumba, akakisoma tena.

Mia mbili.

Mtu alikuwa amekaa chini ya maji dakika thelathini na nane, na hakuvuta pumzi hata moja.

Aliandika namba hiyo. Mwandiko wake haukutetemeka. Aliendesha gari hadi nyumbani, na yule aliyekaa kando yake hakumwambia aongeze mwendo, hakumwita mwandishi wa mahakama, hakubadilisha redio.

Mama aliwapakulia chakula.

"Asante, mama," yule alisema.

"Makubwa!" Mama alifurahi kweli. "Leo mwanangu kapata adabu. Hayo maji yenu yawe dawa, mnipelekee na baba yenu."

Rula alicheka pale ilipopasa kucheka. Hakuhisi kitu. Hakupata usingizi, wala hakulia. Alilala chali akihesabu zile siku tatu kamba ya wachimbaji ilizovutwa zina saa ngapi, na ngapi zimekwisha.

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika tano asubuhi, alipita mbele ya mlango wa chumba cha kaka. Ulikuwa wazi. Yule alikuwa ameketi kitandani, kitanda kimetandikwa, mikono juu ya magoti. Walitazamana.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini."

Aliupakia ule mtungi uliojaa. Akachukua kamba mpya, na suti ya mpira ya kaka, iliyomzidi kimo.

Mlinzi alimkuta ukingoni akivaa. Hakumkataza. Alimsaidia kufunga mikanda ya mtungi, kama mama anavyomfunga mtoto begi la shule.

"Nimeisikia kamba usiku," alisema. "Ile uliyoiachia. Inagonga mawe chini ya maji. Mitatu, mitatu. Nimepima kwa sikio, iko upande huu."

Rula aliitikia kwa kichwa. Alimfundisha lugha ya kamba mara mbili, akamtaka airudie. Kisha akampa daftari lenye namba ya simu ya nyumbani.

"Mama, ukivutwa mitatu, vuta. Usiache hata ukiona nini."

"Siachi."

"Na mimi nikitokea ng'ambo, bila kamba..." Alisita, akakaza mkanda. Vidole vyake havikuwa na hisia, lakini vilifanya kazi vizuri. "Nikikuita, nikikuambia ni mimi, usiniache niende kwa mama yangu."

Mlinzi alijizungushia kamba mkononi mara mbili.

Rula akatazama saa, akamtajia ili aandike: kumi na mbili na dakika hamsini na moja. Akauma mdomoni kifaa cha kupumulia, akavuta pumzi ya kwanza kutoka kwenye ule mtungi wa mia mbili, akaingia majini.