Tumbo la Chatu Halina Jiko

Jumapili, tarehe nane Julai, mwaka 1951, ndiyo siku mambo yalipomharibikia Zenon.

Asubuhi yake ilikuwa kama asubuhi nyingine. Binti yake Adela alipika uji wa ulezi. Upepo wa baridi wa Ufipa ulipita chini ya mlango bila kupiga hodi. Zenon alikaa karibu na moto akisuka mkeka. Tangu mkewe Bertilla afariki, alisuka hata siku ya Jumapili. Katekista alimkanya mara nyingi.

"Mikono yangu ikikaa bure, moyo unaanza kusema," Zenon alimjibu. "Na maneno yake hutayapenda, katekista."

Bertilla alikufa kwa homa wakati Zenon yuko mbali, analima barabara ya boma. Jumbe wa kijiji ndiye aliyempeleka Zenon huko. Barabara ikaisha, ikawa nzuri. Lakini hakuna gari hata moja lililopita juu yake kumletea Bertilla dawa. Jambo hilo Zenon hakulisahau.

Pembeni mwa nyumba, kando ya mitungi ya maji, palikuwa na kapu lenye kifuniko. Ndani ya kapu alilala chatu mchanga, mnene kama kidole gumba.

Chatu huyo hakutafutwa. Zenon alishuka bonde la Rukwa kuleta milala ya kusukia mikeka. Alipofungua mzigo wake nyumbani, chatu akaanguka miguuni pake. Kwa Wafipa, chatu akiingia kijijini hauawi. Ni mgeni aliyetumwa na mizimu ya nchi. Wazee walimnyunyizia unga wa ulezi, wakampigia makofi ya heshima. Kwa desturi angeachwa aende zake.

Lakini Jumbe Kornel alikataa. Boma lilikuwa limemweka kuwa jumbe mwaka uliopita tu, na watu walikuwa bado wananong'ona kwamba nchi haimjui.

"Mnaona?" alisema Jumbe. "Mgeni amekuja wakati wangu. Haendi popote. Zenon, mtunze."

Amtunze vipi? Hakuna aliyemwambia. Wakubwa wanajua kuagiza, kuonyesha hawajui. Kanisani aliambiwa nyoka ni Shetani. Barazani aliambiwa ni mgeni wa nchi. Karani wa boma alisema ni mali ya serikali. Zenon hakujua ashike lipi. Basi akafanya lile ambalo Mfipa yeyote humfanyia mgeni. Alimlisha. Kisha akamlisha tena.

Kila siku chatu alipewa kifaranga. Watu waliokuja kumtazama wakileta kipande cha nyama, nacho alipewa. Adela alimkorogea uji mwepesi, akamdondoshea kinywani. Kapu likawekwa kwenye mitungi ya maji, maana walisema nyoka mwili wake ni baridi, hivyo anapenda baridi.

Jumapili hiyo, baada ya misa, Jumbe alifika na karani wa boma. Alikuwa amevaa koti jeupe jipya.

"Lete mgeni wetu," alisema.

"Jumbe, amekula sasa hivi," alisema Zenon.

"Ndiyo vizuri. Aliyeshiba ana sura nzuri."

Jumbe akamtoa chatu, akamzungusha shingoni mwake. Watu wakapiga vigelegele. Chatu akajinyonganyonga. Akafungua kinywa. Kifaranga kikatoka kama kilivyomezwa, kimelowa ute, na nyuma yake kikatoka cha jana, kimeoza. Vyote vikateremka juu ya koti jeupe.

Harufu ilikuwa kali. Karani akaziba pua. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mgeni ametoa salamu!" Watu wakacheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomwumiza Jumbe. Alimtupa chatu ndani ya kapu, akamwelekezea Zenon kidole.

"Unamlisha uchawi! Sasa sikia sheria. Mgeni wa nchi akifia nyumbani kwako, utahama kijiji hiki, wewe na binti yako."

"Sheria ipi hiyo, Jumbe?"

"Sheria ni sheria."

 Nyuma ya nyumba, kando ya matuta ya maharage, ndipo alipolala Bertilla. Wakihama, nani atampalilia kaburi?

Siku mbili zilizofuata, chatu alitapika tena. Mwili wake ulilegea kama kamba iliyolowa. Zenon alimwendea katekista, akaambiwa amwue. Alimwendea karani, akaambiwa amwone Jumbe. Alimwendea Jumbe, akaambiwa amzidishie chakula. Alirudi nyumbani kichwa kinazunguka.

"Baba," alisema Adela, "unaowauliza wote wana vyeo. Je, kuna hata mmoja aliyewahi kufuga chatu?"

Zenon akamtazama binti yake. Hilo hakuwa amelifikiri.

Alhamisi alibeba mikeka yake kwenda Katandala, mjini Sumbawanga. Kapu alilifunika kwa shuka, akalichukua pia, kwa maana aliogopa kuliacha. Mikeka yake ilinunuliwa na Bi Hamisa, mke wa Muhidin mwenye duka. Alipoingia tu, Hamisa akakunja pua.

"Mtani! Leo umeniletea mikeka au mzoga?"

"Ni chatu, Bi Hamisa. Anaumwa."

Wateja wawili wakatoka mbio. Mmoja aliacha chumvi yake. Muhidin akapanda juu ya gunia la sukari.

"Hamisa, mtoe huyo!"

"Shuka, baba watoto, unaponda sukari," alisema Hamisa, na akafungua kapu bila hofu.

Hamisa alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Tabora. Baba yake alikuwa katika chama cha wacheza nyoka, wale wanaocheza ngoma na chatu mabegani. Alikua na chatu uani kama wengine wanavyokua na mbuzi. Alimshika chatu kwa mikono miwili, taratibu, akamtazama kinywa.

"Anakula nini?"

"Kifaranga."

"Kila baada ya muda gani?"

"Kila siku. Na uji kidogo."

"Uji!" Hamisa akajifunika uso kwa kanga, akacheka hadi machozi. "Nyoka na uji wapi na wapi? Nyie Wafipa kwa ukarimu mtaniua. Na analala wapi?"

"Penye mitungi ya maji. Si anapenda baridi? Mguse, ngozi yake ni baridi."

"Sufuria nayo ni baridi kabla hujaiweka motoni. Je, inapenda baridi?"

Zenon akaigusa ngozi ya chatu.

"Weka mkono tumboni mwako," alisema Hamisa. "Kuna joto?"

"Lipo."

"Hilo ndilo jiko lako. Linapika chakula chako hata baridi ikiwaje. Tumbo la chatu halina jiko. Joto analiazima kwa jua na kwa mawe. Huyu ni wa bondeni kwenye joto. Ninyi mmempandisha huku juu, mwezi wa saba, mkamweka kwenye maji. Nyama inakaa tumboni mwake haipikiki. Inaoza. Ndipo anaitapika. Asipoitapika itamwua."

"Kumbe si uchawi?"

"Uchawi gani? Ni baridi, na shibe, na kushikwashikwa. Wewe ukishiba halafu ubebwe shingoni na jumbe, hutatapika?"

Hata Muhidin alicheka juu ya gunia lake.

"Nifanye nini?" aliuliza Zenon.

"Kwanza, asile kitu kwa wiki mbili. Maji safi tu, kwenye bakuli."

Zenon akashtuka. "Nimnyime chakula? Si atakufa, nami nihame?"

"Tumbo lake limechubuka, lipumzike. Chatu anaweza kukaa siku nyingi na njaa. Asichoweza ni chakula ndani ya tumbo bovu."

Akampa chupa tupu, akamwelekeza. Ajaze maji ya moto, aifunge kwa gunia, aiweke upande mmoja wa kapu. Upande wa pili aache wazi, ili chatu mwenyewe achague joto au ubaridi. Zenon akiligusa gunia, mkono usikie joto la jua la asubuhi, si la jiko. Maji yakipoa, abadilishe.

"Baada ya wiki mbili, mpe kitoto cha panya kimoja, kimekwisha kufa. Panya mzima anaweza kumng'ata. Unene wa panya usizidi unene wa chatu mwenyewe. Akila, asiguswe siku tatu. Mlo mwingine ni baada ya wiki, tena ukiona kwanza amekunya. Macho yakiwa na ukungu anataka kujivua gamba, usimlazimishe kula. Na kila mkimshika, naweni kwa sabuni. Uchafu wake unaweza kuwaharisha watu."

"Na akikua?"

"Akiwa mnene kama mkono wako, mrudishe bondeni. Nyumba ya watu si mahali pake."

Njia nzima Zenon alirudia maneno hayo. Bado hakuyaamini yote. Kumnyima mgeni chakula! Hata marehemu mama yake angemzomea. Lakini nyumbani Adela alimsikiliza, akachemsha maji.

Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu. Chatu alikonda. Kila asubuhi Zenon aliinua kifuniko akidhani atamkuta amekufa. Jumapili, Jumbe akaja na kifaranga mkononi.

"Nasikia mgeni wa nchi anashindishwa njaa. Mlishe hiki, nione kwa macho yangu."

Zenon alisimama mlangoni.  Je, kama yule mama wa Katandala alikosea? Akikataa na chatu akafa, hana la kujitetea. Akikubali na chatu akafa, atahama vilevile.

"Jumbe," alisema, "safari ile nilikutii, nikaenda barabarani. Mgonjwa wangu akafa. Huyu mgonjwa nitamuuguza mwenyewe."

 Jumbe aliondoka na kifaranga chake kikilia kwapani.

Wiki ya pili ilipokwisha, ilikuwa Jumapili jioni, watazamaji wameondoka. Zenon aliweka kitoto cha panya karibu na chupa ya moto, akafunika kapu. Asubuhi panya hakuwepo. Hawakumgusa chatu. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Hakutapika. Siku ya Ijumaa, Adela alitoka nje anapiga kelele kama amepata mahari.

"Baba! Baba, amekunya!"

"Punguza sauti, mama, majirani wanasikia!"

"Wasikie!"

Tangu hapo mlo wa chatu ulikuwa kila Jumapili jioni. Misa iliwakumbusha. Mwezi wa tisa macho ya chatu yalipata ukungu, akakataa panya, nao wakamwacha. Baada ya siku chache alitoka kwenye gamba lake akang'aa kama mkeka mpya. Katika ghala la ulezi panya nao walipungua, maana Adela aliwatega bila kuchoka.

Mwezi wa kumi Jumbe Kornel aliitisha baraza. Alikuwa na furaha. Alisema mgeni wa nchi amenawiri kwa sababu ya utawala mzuri. Watu walipiga makofi machache. Karani aliandika.

Zenon akasimama. Hakuwa mtu wa kusema barazani. Alimgeukia Bibi Kristiana, mwanamke mzee kuliko wote kijijini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Bibi, wewe unajua mila zetu. Mtu akifiwa na chatu nyumbani, je, huhamishwa?"

"Mimi nilizaliwa kabla Wajerumani hawajaja," alisema Bibi Kristiana. "Jambo hilo nalisikia leo."

Zenon akamgeukia karani. "Bwana karani, ni sheria ya boma?"

"Boma halina sheria ya nyoka," alisema karani, bila kuinua macho.

Jumbe alifuta jasho, ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Alisema yeye alitumwa tu. Hakusema na nani.

"Miezi mitatu," alisema Zenon, "nililala nikisikiliza kama nyoka anapumua, ili nisiliache kaburi la mke wangu. Chatu nimeelezwa ugonjwa wake, nikaelewa. Hili bado halijaniingia. Mila haikusema. Boma halikusema. Basi ile sheria ya kunihamisha, nani aliitunga?"