Nyumba Mbili Zisizo na Ugomvi

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Kilikuwa kikombe cha bati kikikwaruza ndani ya mtungi, na bado hakujapambazuka. Mvua ilikuwa imekatika, kijiji kimetulia, hata majogoo hawajaanza. Eneresi alilala macho wazi akiisikiliza sauti ile ikitoka nyumba ya pili, karibu kabisa na dirisha lake. Mwanamke yeyote anaijua. Ni sauti ya mtu anayetafuta maji mahali yalipokwisha.

"Si angemtuma mtoto," Eneresi alijiambia, akageukia ukutani.

Ndugu zangu, nyumba hiyo ya pili ilikuwa ya Malita, mdogo wake wa tumbo moja. Sisi wa huku chini ya mlima wa Zomba, binti haondoki kwao, mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo ndugu hawa wawili walikuwa na uwanja mmoja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Mama yao alifariki mwaka jana, wakati wa baridi. Malita alikuwa mjini Blantyre, mumewe alikokuwa na kibarua, na habari zilichelewa kumfikia. Alipowasili, mwili ulikuwa umeshalazwa ndani, wanawake wameketi chini kuuzunguka. Akapiga magoti mlangoni akilia. Eneresi, aliyemuuguza mama peke yake hadi pumzi ya mwisho, hakuinua hata uso. Alisema tu, na watu wote wakasikia:

"Mgeni amefika. Mpeni kiti."

Kiti! Msibani kwetu binti wa marehemu hukaa chini, kiti ni cha watu wa mbali. Malita hakujibu kitu siku hiyo, wala siku zilizofuata. Mumewe alipokwenda Joni, kule Afrika Kusini, kutafuta kazi, Malita alirudi kuishi nyumbani na binti yake Tadala, akiwa na mimba changa. Hawakutukanana, hawakugombana. Walipishana pale kwenye kamba ya nguo kama watu wa safari mbili tofauti, na watoto walijifunza kupita pembeni.

Sasa sikilizeni jambo hili. Kanisani kwetu, kabla ya Meza ya Bwana, mzee wa kanisa hupita nyumba kwa nyumba kuuliza kama kuna ugomvi. Mwenye ugomvi hakaribii meza mpaka apatane. Mzee Kachale alipofika pale, miwani yake imefungwa kwa uzi, alimwuliza Eneresi:

"Mama, una ugomvi na mtu?"

"Sina, mzee."

Akavuka uwanja. "Na wewe, mwanangu Malita?"

"Sina, baba."

Mzee akafurahi. Akasema nyumba nyingine zije zijifunze hapa, maana hata kelele hazisikiki.

Msidhani Eneresi alikuwa mnafiki. Ni mwenyekiti wa Mvano, chama chetu cha akina mama, na kazi hiyo anaifanya kwa moyo. Mimi nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, ni yeye aliyenichotea maji mpaka nikapata nguvu. Siku ile ya kikombe pia aliamka, akavaa sare yake, akafunga kuni na unga, kwa sababu Mvano walikuwa wakienda ng'ambo ya mto kumtazama bibi mmoja mgonjwa.

Njiani walipita kwenye bomba la maji la kijiji. Tadala alikuwa kwenye foleni na ndoo iliyomzidi, mtoto aliyeng'oka meno ya mbele na hajaota mengine.

"We mtoto, mama yako yuko wapi?" aliuliza NaGama, mwenzao ambaye mdomo wake hauna likizo.

"Amelala."

"Amelala, na jua hili! Raha ya mke wa Joni hiyo. Hapo anaota simu inalia!"

Wanawake wakacheka. Mmoja akamgeukia Eneresi. "Mwenyekiti, si mtoto wa mdogo wako huyu?"

"Ana mama yake," alijibu Eneresi.

Tadala alipiga magoti kumwamkia mama yake mkubwa, kama alivyofunzwa. Akafungua mdomo aseme kitu. Eneresi akaitikia salamu, akajitwika vizuri kuni zake, wakaenda zao wakiimba.

Ng'ambo ya mto walifagia, wakapika uji, wakaomba. Yule bibi mgonjwa alikuwa mcheshi bado. Alimshika Eneresi mkono akasema, "Nyie wanawake mnanipenda hivi, nikipona mtakuja tena, au mpaka niugue?" Wakacheka. Kisha akauliza, "Na nyumbani kwako, mwanangu, wote wazima?"

"Wazima, bibi."

Aliporudi, jua limeinama, alimkuta Tadala ameketi kwenye kizingiti chake. Mtoto huyo hakuwa amekanyaga pale tangu msiba.

"Umetumwa?"

Tadala akatikisa kichwa. "Mama anaongea na bibi."

"Bibi yupi?"

"Bibi aliyekufa. Anamwomba maji. Mimi nimempa, anatapika."

Eneresi hakupiga hodi. Ndani kulikuwa na joto na harufu ya matapishi. Malita alikuwa kwenye mkeka, tumbo la mimba limesimama, midomo imepasuka, mwili unawaka. Alifumbua macho, akamtazama dada yake.

"Tadala," alisema kwa sauti ya kukwama, "mgeni amefika. Mpe kiti."

Eneresi akakaa chini, pale pale sakafuni, na sare yake. Kisha akapiga yowe, ndipo sisi majirani tulipokuja. Barabara ilikuwa tope tupu, baiskeli isingepita. Vijana wakafanya machela kwa blanketi na miti miwili, tukatembea mpaka zahanati huku Eneresi amemshika mdogo wake mguu, maana ndio alioweza kuushika.

Ilikuwa malaria, na ilikuwa imepanda sana. Malita walimwokoa. Mtoto alizaliwa bila kulia. Alikuwa wa kiume, mwenye nywele nyingi. Muuguzi hakutugombeza. Aliuliza tu homa ilianza lini, na kwenye benchi lile hakuna aliyeweza kumjibu isipokuwa Tadala.

Kwetu mtoto mchanga huzikwa na wanawake peke yao. Eneresi ndiye aliyembeba, kama mama mkubwa anavyopaswa, amemfunga kwenye kitenge kipya. Mvano wote walikuja na sare zao. Siku hiyo NaGama hakufungua mdomo, ila kuimba.

Jioni Eneresi alirudi zahanati. Malita alikuwa amegeukia ukutani.

"Mdogo wangu, nilisikia," alisema.

"Ulisikia nini?"

"Kikombe. Kule mtungini. Nilikuwa macho, nikasikia."

Malita akageuka kutoka ukutani. Kisha akasema, "Najua ulisikia. Nilikuwa nakwaruza kwa nguvu ili usikie. Nilishindwa kukuita, dada. Jina lako lilikataa kutoka."

Hapo ndipo walipolia pamoja, mara ya kwanza tangu mama yao afe.

Ile Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana, Eneresi alimfuata Mzee Kachale nyumbani kwake.

"Mzee, uliniuliza kama nina ugomvi. Sina. Lakini upendo pia sikuwa nao. Kesho nitakaa nje."

Mzee akavua miwani. "Lakini mama, swali letu haliulizi hilo."

"Basi liongezeni, mzee."

Alikaa nje kweli, kwenye benchi la wasioshiriki, mwenyekiti mzima wa Mvano. Watu walinong'ona, wengine wakasema amejidai. Yeye alitoka pale akaenda kumfulia mdogo wake nguo. Msifikiri Malita alipoa moyo mara moja. Alirudi nyumbani, na kwa wiki kadhaa alipokea chakula cha dada yake akila amempa mgongo. Siku nyingine aliirudisha sahani nzima. Eneresi aliipeleka tena kesho yake.

FUNZO

Wapendwa, kutogombana si kupendana. Tunaweza kukaa kimya uwanja mmoja, tukapongezwa kwa ukimya wetu, na huku mtu anakauka kiu ukuta wa pili. Bwana wetu hakutuagiza tuwe watu wasio na kelele. Alituagiza tupendane, na kupendana ni kuinuka kitandani hata mtu asipokuita. Kumtazama mgonjwa wa ng'ambo ya mto ni kazi njema, tusiiache. Lakini tuanzie pale tunapoona aibu kuanzia, kwa yule aliyetuudhi, ambaye tunajua hata sauti ya vyombo vyake. Na wewe uliyekosewa, ita. Kiburi cha anayehitaji msaada nacho huzika watoto.

Ninaamini nyumba inaweza kupona. Sisemi hivi kwa kujifariji tu. Juzi nilikwenda pale kuazima ungo. Nyumba zote mbili zilikuwa zimefungwa, na Tadala yuko kivulini anambembeleza kifaranga. Nikamwuliza mama yuko wapi. Akanijibu bila kuinua kichwa:

"Mama zangu wamekwenda pamoja kung'oa karanga."