Kikombe cha Habuba Kaltumu

Kitanda cha mzee Igga kiliomba maji adhuhuri, siku chache baada ya mwenyewe kuzikwa.

Medina alikuwa uani mwa nyumba ya wazee akisugua mabakuli ya uji kwa majivu, maana sabuni ilikwisha adimika Koboko nzima. "Medina! Lete maji." Sauti ilikuwa ileile ya kukwaruza, ya mtu aliyetafuna tumbaku tangu ujana, na Medina kwa mazoea akaitikia, "Naam, mzee, nakuja," akachota maji mtungini, akaingia. Alipofika katikati ya vitanda ndipo akili ilipomrudia. Godoro la Igga lilikuwa nje, limeegemezwa ukutani lipigwe na jua. Kitanda kilikuwa chuma kitupu. Lakini pale mto ulipokuwa ukikaa palinuka udongo uliolowa, harufu ya mvua ya kwanza, na wakati huo ulikuwa kiangazi kikali, hata visima vilikuwa vikitoa matope.

Alirudi kinyumenyume mpaka uani. Kikombe mkononi kilikuwa kitupu, na nguo yake ilikuwa kavu, na sakafu aliyoipita ilikuwa kavu pia.

Watu hudhani jini hutafuta mahame na misitu. Jini ni kama mgeni mvivu, hupenda nyumba iliyokwisha jengwa, na hasa nyumba ambayo wenyewe wameipa kisogo. Na tuseme kweli, ile ilikuwa nyumba ya aibu. Katika nchi ile mzee hufia kwa mwanawe, akizungukwa na wajukuu mpaka wamchoshe. Lakini miaka ile ya sabini vijana wengi wa Koboko na Arua walichukuliwa na jeshi, wakahamia kambini Jinja na Mbarara na wake zao, na mama zao wakabaki na milango isiyofungwa. Tajiri mmoja akaona haya, akajenga nyumba ya bati nyuma ya soko, akaweka safu mbili za vitanda vya chuma. Wazee wakaletwa, na waliowaleta wakaondoka haraka haraka, kama watu waliotupa takataka kwa jirani. Mwaka wa sabini na tisa vita vilipopamba moto huko kusini, hata salamu za hao wana zikakatika.

Aliyeishika nyumba ile ni Martine, mwanamke wa Kongo aliyesomea uuguzi misheni ng'ambo ya mpaka. Walimwita Sista ingawa hakuwa mtawa, na ulimi wake ulikuwa na pilipili. Asiyeweza kujigeuza kitandani aligeuzwa, aliyejilowesha hakungoja apoe, na sakafu ilikaushwa mpaka inzi akiteleza aulizwe kulikoni. Lakini sheria yake kubwa ilikuwa moja.

"Muzee akiita mara moja, miguu yako iko mu njia," alimwambia Medina siku ya kwanza. "Usiseme ataita tena. Ule mutu hana pumzi ya kukungojea."

Medina hakuhitaji kuambiwa mara mbili, kwa sababu kazi ile aliiomba kwa ajili ya mtu mmoja tu. Katika kitanda cha dirishani alilala Kaltumu, mjane wa askari wa zamani wa Kinubi. Mama yake Medina alikufa uzazini, na Kaltumu, jirani tu, ndiye aliyemchukua yule mtoto mchanga, akamnywesha uji wa mtama kwa kidole, akamfundisha kusuka vikapu na kumkemea mbwa. Medina alimwita Habuba, kama Wanubi wamwitavyo bibi. Sasa kiharusi kilikuwa kimemuua Habuba upande mzima wa kulia na kumwachia nusu ya mdomo. Neno moja lilimtoa jasho. Kikombe chake cha bati kiliwekwa kushoto, mkono uliobaki hai ulipoweza kukifikia.

Alikuwa na hofu moja, na aliwahi kuieleza kwa neno moja moja, kwa Kiswahili cha Koboko ambacho "nakufa" yaweza kuwa mimi, wewe au yeye, asubuhi nzima, huku Medina akimpaka mafuta miguuni.

"Bwana yangu... nakufa Burma. Na kiu. Naita... naita maji. Watu naogopa risasi. Hapana kwenda." Akapumzika sana. "Mimi... nataka mutu. Na maji. Na shahada."

"Wallahi, Habuba," Medina alisema, akilia waziwazi, "wewe naita mara moja tu. Mara moja. Mimi nakuja."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa kitanda cha Igga kilipoanza kuita. Kiliita tena kesho yake, na keshokutwa, adhuhuri na magharibi, saa ambazo majini hutembea. Mara sauti ikawa ya Igga, mara ya kikongwe aliyekufa mwaka uliopita, na kila mara ilitanguliwa na ile harufu ya udongo uliolowa. Filda, msichana wa Mvara aliyesaidiana na Medina, aliitikia jioni moja akiwa peke yake. Walimkuta amekaa sakafuni, macho yamemtoka, mdomo umepinda kuelekea sikio, kata mkononi haina tone. Ulimi ulipomrudia alisema kwa kunong'ona, "Hii kitu hapana kunywa maji tu. Hii nakunywa mutu." Akafunga kifurushi chake, akapanda lori la kwanza la kwenda Arua.

Akaitwa Fadhul, faki, mwalimu wa Kurani mwenye kuandika hirizi. Alizunguka vitanda akinusa, akasimama cha Igga, akarudi nyuma hatua.

"Iko hapa," alisema chini chini. "Nanuka mvua. Sikiliza mimi, binti. Jini naita mutu mara moja. Ikizidi sana, mara mbili. Mara ya tatu haiwezi, Mungu amekataza. Wewe ngoja. Mutu wa kweli ataita mara tatu."

Martine alikuwa amesimama mlangoni na beseni la bandeji.

"Baba, hapa kuko batu pumzi yao haifike tatu," alisema. "Hii dawa yako itaua."

"Basi wewe itikia," faki akamjibu. "Mdomo wako upinde."

Kesho yake Martine alikwenda Arua kutafuta pamba na spiriti, akaahidi kurudi jua likiwa bado juu. Lakini petroli yote ilikuwa imechukuliwa na jeshi, na mtu wa kwenda Arua mwaka ule alijua siku ya kwenda tu. Medina akabaki na nyumba nzima, na hofu, na neno la faki. Hofu ni mwalimu mbaya lakini darasa lake halikosi wanafunzi. Siku ile akaanza kungoja. Mzee akiita, alisimama uani na kuhesabu, na aliyeita mara ya tatu alimkimbilia kwa upendo wote. Alasiri wazee walikuwa kimya kuliko kawaida, naye akadhani shauri la faki limeanza kufanya kazi.

Magharibi upepo ukatulia. Adhana ilikuwa imekwisha sasa hivi, na Medina alikuwa amekaa kizingitini mwa jiko akipepea moto wa uji, aliposikia.

"Medina."

Ilikuwa sauti ya Habuba. Akainuka kabla hajafikiri, kata mkononi, akafika nusu ya ua, na hapo ile harufu ya udongo uliolowa ikamjia usoni, nzito, kana kwamba mtu amefukua shimo mbele ya miguu yake, naye akasimama. Akajiambia itarudia, kama ni yeye itarudia, na moyo ukimwambia nenda na miguu ikimwambia ngoja, na mdomo wa Filda uliopinda ukimjia machoni, na giza likiujaza mlango ule polepole kutoka chini kwenda juu, akatega sikio asikie jina lake mara ya pili, na badala ya jina akasikia chuma, ngo, kitu kikigonga kitanda, na mwili wote ukamsisimka kwa sababu jini hucheza na vyombo, kila mtu analijua hilo, akaangusha kata, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, akaanza kusoma Kulhuwallahu kwa sauti ili asisikie, na hata hivyo akasikia tena, ngo, hafifu kuliko ile ya kwanza, halafu pakawa kimya kabisa.

Jina halikurudiwa. Medina akashusha pumzi. Alimshukuru Mungu, maskini, akidhani ameokoka.

Aliwasha taa uji ulipoiva, akaingia akigawa kitanda kwa kitanda. Alipofika dirishani aliinua taa. Habuba Kaltumu alikuwa ameangalia mlango. Midomo yake ilikuwa mikavu, imepasuka, iko wazi kidogo kama ya mtu anayengoja kijiko. Mkono wa kushoto ulining'inia nje ya kitanda, na vidole vilikuwa vimekaza sikio la kikombe cha bati. Ndani hamkuwa na tone. Medina alikuwa amesahau kukijaza tangu adhuhuri, alipokuwa akisimama uani kuhesabu.

"Medina, iko wewe?" Alikuwa Viktoria wa kitanda cha jirani, kipofu, aliyezaliwa Manibe. Alizungumza kwa kunong'ona. "Habuba nakufa?"

"Nakufa, mama."

"Yeye naita wewe mara tatu."

"Hapana!" Medina alipiga magoti. "Mara moja, mama. Wallahi mimi nasikia mara moja."

"Mara moja na mudomo. Mudomo nakataa. Basi, hizi mbili naita na kikombe." Viktoria akageuza sikio, akimsikiliza Medina anavyopumua. "Mimi nasema, sasa Medina takuja. Yeye nasikia vizuri."

"Wewe hapana kuniita kwa nini? Kwa nini nyinyi wote nanyamaza?"

"Sisi naogopa kuita," Viktoria alisema. "Nyinyi nasema sauti yetu iko sauti ya jini."

Maji yakimwagika hayazoleki. Medina aliyachota hata hivyo. Alijaza kile kikombe, akamwinua Habuba kichwa, akamtonesha midomoni, na maji yakateremka kidevuni na shingoni, yakalowesha mto. Akamsomea shahada sikioni mpaka sauti ikamkauka. Alfajiri Martine alirudi kwa miguu, viatu mkononi, akaona. Hakumkaripia, na hilo lilimuumiza Medina kuliko kofi. Alikaa sakafuni kando yake, akamshika mkono, wakalia pamoja.

Baada ya mazishi Fadhul alikuja kulitoa jini. Alisoma Yasini, akafukiza lubani mpaka wazee wakakohoa, akaandika kombe kwa zafarani, akaliosha, akanyunyiza maji yake pembe zote. Mwishoni upepo uliingia dirishani na kutokea mlangoni ukiwa na ile harufu ya mvua, na mbwa wa sokoni wakabweka wote kwa mpigo. "Imekwenda," faki alisema, akijifuta jasho. Ni kweli, kitanda cha Igga hakikuita tena. Medina akarudi kwenye sheria ya Martine, akawa anakimbia hata mtu akikohoa. Usiku alikuwa akiamka na kukagua vikombe, kimoja kimoja, kwa kidole.

Vita vikafika. Askari waliokwenda na ngoma walirudi pekupeku, wakipita tu, na nyuma yao Koboko nzima ikabeba magodoro kichwani kuelekea mpakani. Martine alipata lori la mfanyabiashara wa kwao. Walibeba wazee kwa mablanketi, mmoja mmoja, Viktoria akiwa wa mwisho. Kwa mbali milio ilikuwa ikisikika upande wa barabara ya Arua.

"Panda, Medina!" Martine alimnyooshea mkono kutoka juu ya lori. "Kule ndani hamuna mutu tena."

Medina alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye gurudumu. Begani alikuwa na kifurushi, na ndani ya kifurushi kile kikombe. Dereva akakanyaga mafuta.

"Medina."

Ilitoka ndani ya nyumba, mara moja, kwa nusu ya mdomo. Viktoria peke yake aligeuza uso wake kipofu kuelekea mlangoni. Na Medina, aliyejua vizuri kuliko mtu yeyote alichoambiwa na faki, na aliyeinusa ile mvua iliyokuwa ikipanda kutoka kizingitini, hakungoja ya pili. Akashusha mguu.

"Naam, Habuba," alisema. "Nakuja."

Alichota maji yaliyosalia mtungini, akaingia. Kitanda cha dirishani kilikuwa nyaya tupu. Akapiga magoti palepale alipochelewa, akakiinamisha kikombe polepole mahali ambapo midomo ingekuwa, akaanza shahada. Maji yakatoka yote. Alisikiliza yadondoke sakafuni. Hayakudondoka.

Huko nje honi ililia, ikalia tena, na sauti ya Martine ikamwita kwa kilio, mara moja, mara mbili, mara tatu. Medina aliisikia. Alikuwa ameshainuka, amegeukia mlango, anakwenda, wakati kitanda cha Igga kilipokwaruza koo nyuma yake.

"Medina. Lete maji."

Akarudi mtungini. Safu zote mbili za vitanda zilikuwa zimeanza kuita, kila kitanda mara moja tu, na kikombe kilikuwa kimoja.